Pwani kwa gari mkiwa wawili: mshike njia ya Malindi au ya Shimoni?

Mkishafika Mombasa na gari, wewe na mwenzio, pwani inagawanyika mara mbili na kwa wikendi moja hamuwezi kuimaliza yote. Kuna kaskazini, yaani mnavuka daraja la Nyali, Mtwapa, Kilifi, Gede, Watamu, mpaka Malindi, kama kilomita 120 hivi. Alafu kuna kusini, Likoni, Tiwi, Ukunda na Diani, Gazi, Msambweni, mpaka Shimoni mwisho wa lami, hii ni fupi kidogo, kama kilomita 80. Watu wengi huchagua kwa picha za ufuo walizoona kwa simu na mi naona hapo ndo wanapotea, kwa sababu mchanga mweupe uko pande zote mbili, hata ukifungwa macho upelekwe Watamu au Diani hutalalamika. Kinachotofautisha ni safari yenyewe. Kaskazini ni ya watu wanaopenda kusimama simama njiani. Kusini ni ya watu wanaopenda kufika, wapaki gari, watulie. Sasa nyinyi wawili mko upande gani, hilo ndo swali la kwanza, na mjibu ukweli kabla hamjalipia hoteli.

Jambo lingine tuelewane mapema msije mkanuniana ndani ya gari: hakuna barabara kati ya hizi mbili inayoandamana na bahari mwanzo mpaka mwisho. Zote zinapita bara kidogo, minazi huku, mahindi na mihogo kule, maduka, shule, matuta, matuta tena, na bahari mnaiona tu mkikata kuingia barabara za pembeni. Ila kaskazini kuna mahali mikono ya bahari inaingia ndani ya nchi na barabara inaivuka kwa daraja, Nyali, Mtwapa, alafu Kilifi, na hapo hata kama hamkupanga kusimama maji yanawafungukia pande zote mbili. Kilifi ndo yenyewe. Mnatoka kwenye mashamba ya mkonge ya Vipingo, mistari mirefu imenyooka mpaka macho yanachoka, mibuyu inaanza kuwa mingi, barabara inainama kidogo alafu ghafla mko juu ya maji mapana, mashua zimetia nanga chini kabisa, na upande wa kulia mnaona pale mkono unapotoka kwenda bahari kuu. Msisimame juu ya daraja, ni hatari na mtapata shida na polisi. Kabla hamjavuka kuna magofu ya Mnarani, yako juu ya mwamba, mnaingia pale mnaona msikiti wa kale na kisima na makaburi alafu mnakaa kivulini mnaangalia maji yale yale kwa utulivu, hakuna lori linawapigia honi.

Kusini kwa kutoka Mombasa kuna feri ya Likoni. Kwa miguu ni bure, gari unalipa, na foleni inategemea saa, asubuhi watu wakienda kazini na jioni wakirudi ni ndefu kweli, katikati ya mchana huwa afadhali. Kuna watu wanaipenda feri na nawaelewa, mnashusha vioo, upepo wa bandari unaingia, meli kubwa inapita mbele yenu. Lakini kama mnatoka Nairobi na hamna shughuli ya kuingia kisiwani, siku hizi shikeni Dongo Kundu, mnakata kabla ya mji na mnatokea kusini moja kwa moja bila kupanda feri. Njia hiyo ina madaraja ya Mwache na Mteza, na lile la Mteza ni refu, mikoko chini, maji yametulia, kwa mandhari mi nasema ndo kipande kizuri kuliko vyote vya barabara ya kusini. Kwa hivyo mkipita hapo msiwe na haraka, mmoja aendeshe mwingine aangalie, alafu mkirudi mbadilishane.

Kwa vituo vya njiani sasa, kaskazini inashinda na sio kwa kidogo. Mkitoka mjini tu, pale Bamburi, kuna Haller Park, ambayo zamani ilikuwa machimbo ya mawe ya simiti, jangwa la kokoto, mpaka miaka ya 1970 walipoanza kupanda mivinje na msitu ukarudi wenyewe. Ndo pale alipopelekwa yule mtoto wa kiboko Owen aliyeokolewa karibu na Malindi wakati wa tsunami ya Desemba 2004, akashikamana na kobe mzee mpaka dunia nzima ikajua. Mkipita Mtwapa, na Mtwapa ina msongamano wake kwa hivyo mjipange, kuna Jumba la Mtwana, magofu ya karne ya 14 na 15, msikiti uko karibu na maji mpaka unasikia mawimbi ukiwa ndani ya kuta. Hapo wawili mnaweza kukaa saa nzima na mkajikuta peke yenu.

Alafu Gede, na hapa nataka nikae kidogo kwa sababu watu wanapita tu wakisema ni mawe. Gede ilikuwa mji kamili ndani ya msitu, jumba la mtawala, msikiti mkubwa, nyumba zenye vyoo na visima, na kwenye vifusi vyake walikuta vyombo vya kauri kutoka China. Ilianza karne ya 12 hivi na kufikia karne ya 17 watu walikuwa wameshaihama. Linalonishangaza mpaka leo ni kwamba Wareno walikaa Malindi, kilomita kama kumi na tano tu kutoka pale, miaka karibu mia, na hawakuiandika kokote. Mwaka 2024 UNESCO waliiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia. Sasa ukiingia asubuhi mapema, kabla ya mabasi ya shule, kuta zimeshikwa na mizizi, kima wanakimbizana juu ya mageti, mwanga unapita kwenye majani vipande vipande, mnatembea mkiongea kwa sauti ya chini bila mtu kuwaambia. Pale pale kwenye magofu kuna mradi wa Kipepeo, wanakijiji wanafuga vipepeo na kuuza nje tangu 1993, na pesa zinawafanya wauone msitu wa Arabuko-Sokoke ukiwa mzima una faida kuliko kukatwa. Msitu huo mmeshaupita, uko kushoto mkienda Malindi, na kulia ni Mida Creek. Fikirini hivo, barabara moja, mkono huu msitu mkubwa kuliko misitu yote ya aina yake iliyobaki pwani ya Afrika Mashariki, mkono huu mikoko na ndege wa baharini. Pale Dabaso kuna daraja la mbao linaloingia ndani ya mikoko, mnatembea juu ya matope mpaka mnatokea kwenye maji, na jioni jua linazama upande wa msitu. Pwani yetu inaangalia mashariki, jua kuzama juu ya maji sio kitu cha kila siku, Mida na Kilifi ni kati ya sehemu chache mnazopata.

Malindi yenyewe kwa wapenzi ina mambo yake, nguzo ya Vasco da Gama juu ya mwamba, mwaka 1498 alifika hapo baada ya Mombasa kutomtaka, mfalme wa Malindi akampokea na akampa mtu wa kumwonesha njia ya India. Mji umejaa Waitaliano kwa miongo mingi kwa hivyo aiskrimu na piza ni za ukweli. Na kama mna siku ya ziada vukeni mto Sabaki muende Marafa, korongo la udongo mwekundu, mweupe na waridi, mnafika alasiri jua likipungua, mchana wa saa saba jua linachoma ajabu. Ila laleni Malindi, msijaribu kurudi Mombasa usiku huo huo.

Kusini vituo ni vichache zaidi na viko mbali na barabara kuu, lazima mkate na muulize. Lakini vingine vyake kaskazini havina mfano. Barabara ya ufuo ya Diani kwanza niwaambie ukweli, imekwenda sambamba na bahari lakini bahari hamuioni, mnaona kuta za hoteli na viwanja, mpaka muingie kwenye vichochoro vya umma. Lakini inueni macho. Juu ya barabara kuna ngazi za kamba zimefungwa mti mpaka mti, ni za mbega, wale kima weusi wenye manyoya meupe mabegani, wanavuka juu badala ya kugongwa na magari chini. Mkisubiri kidogo mnawaona, mama na mtoto mweupe amemshika tumboni. Punguzeni mwendo hapo tafadhali, sio kwa ajili ya picha tu.

Mwisho wa kaskazini wa Diani, pale mto unapoingia baharini, kuna msikiti wa Kongo, wa karne nyingi na bado watu wanaswali, umezungukwa na mibuyu minene. Pale muende na mtu wa hapo anayewajua watu.

Na Kaya Kinondo. Hii ningependa kila wapenzi waende. Ni msitu mtakatifu wa Wadigo, mmoja wa misitu ya kaya, yaani makao ya kale ya Mijikenda, iliyoingia orodha ya UNESCO mwaka 2008. Hamuingii wenyewe, mnaingia na mwongozaji, mnafungwa kaniki nyeusi kiunoni, kofia mnavua, na kabla ya kupita mnaambiwa masharti, moja wapo ni kwamba humo ndani hakuna kubusiana. Kuna wageni wanacheka wakisikia, msicheke, wazee wameulinda msitu huo kwa masharti hayo hayo na ndo maana miti bado ipo huku viwanja vya pembeni vimeisha. Mnatembea polepole, mwongozaji anagusa majani anasema hili ni la tumbo, hili la homa, anawaonesha mti mkubwa wanaoukumbatia kuomba nguvu. Mkitoka mnajikuta mmenyamaza wote wawili na sio kwa ubaya.

Mbele kidogo ni Gazi. Kina mama wa kijiji wamejenga njia ya mbao ndani ya mikoko na wanapika samaki na wali wa nazi mkiwaambia mapema. Kijiji hicho na jirani yake Makongeni ndo wenye mradi wa Mikoko Pamoja, wanalipwa na watu wa nje kwa hewa ukaa inayohifadhiwa na mikoko tangu miaka ya 2010 na pesa zinarudi kwa maji na shule. Kwa hivyo mkilipa kiingilio mnajua kimekwenda wapi. Alafu mnamalizia Shimoni, mapango yanayokumbusha biashara ya watumwa, mahali pa kuingia kwa heshima, na asubuhi yake mnapanda boti kwenda Kisite kuangalia matumbawe na pomboo, mchana mnashukia Wasini. Kisiwani hakuna gari hata moja. Mnakula kaa, mnaonja mwani uliopikwa, mnatembea kwenye bustani ya matumbawe makavu yaliyosimama nje ya maji, nayo pia inaendeshwa na kina mama wa hapo. Kama nyinyi ni watu wa bahari, siku hii moja ya Wasini inaweza kubeba safari nzima ya kusini peke yake, na kaskazini, hata na Watamu yake, haina siku moja iliyojaa hivo. Kama ni watu wa wanyama, pandeni pia Shimba Hills kule Kwale, ndo mahali pekee Kenya mtakapomwona palahala, yule swala mkubwa mwenye pembe ndefu zilizopinda nyuma, porini.

Sasa msimu, na hapa ndo watu wanaharibikiwa wakidhani pwani ni pwani tu. Kaskazi inavuma kuanzia Desemba hivi mpaka Machi, bahari inatulia, maji yanakuwa safi, joto kali. Kusi inavuma kuanzia Aprili mpaka Septemba, mvua kubwa za Aprili na Mei ndani yake, bahari inachafuka, boti zingine hazitoki. Kwa kusini hii ni muhimu sana kwa sababu safari yenu ya Wasini inategemea boti, mkienda Mei au Juni mnaweza kufika Shimoni mkaambiwa leo hakuna kutoka, na bila Wasini kusini inabaki Diani tu. Kaskazini ina mambo ya nchi kavu mengi, magofu, msitu, mikoko, kwa hivyo hata kusi ikiwakuta mna cha kufanya. Lakini kaskazini nayo ina lake: mto Sabaki unamwaga matope, na wakati wa kaskazi mkondo unayaleta kusini kuelekea Malindi, hasa baada ya mvua kubwa za bara, maji yanakuwa ya rangi ya chai. Ndo maana kwa kuogelea nawaambia laleni Watamu, Malindi muende kutembea.

Na muangalie maji yenyewe, kujaa na kupwa. Wakati wa bamvua, mwezi mchanga na mwezi mpevu, yakijaa yanafika mpaka kuta za hoteli sehemu zingine za Diani, mchanga wa kutembea haupo, na yakipwa yanakwenda mbali mpaka mnatembea kwenye miamba. Watamu kwa bamvua yakipwa ni raha, mchanga unainuka katikati ya ghuba na mnafika kwenye visiwa kwa miguu, lakini Mida kwa mtumbwi mnataka yamejaa. Waulizeni wavuvi jioni, watawaambia saa ya kesho bila kuangalia simu. Maji mafu, yaani siku za katikati ambapo kujaa na kupwa ni kidogo, ndo mazuri kwa kupiga mbizi.

Chakula sitasema mengi, pande zote mtakula vizuri. Njia ya kaskazini ina vibanda vingi zaidi, madafu, korosho za Kilifi, achari, viazi karai, mabuyu. Kusini chakula kizuri kiko kwa kina mama wa vijijini na lazima muagize kabla, mkifika na njaa saa nane bila kuagiza mtangoja samaki aanze kuparwa. Wakati wa Ramadhani vijiji kama Gazi, Shimoni na Wasini mchana vinafunga sehemu nyingi za kula, mpange hivo, na siku yoyote ya mwaka bebeni leso mbili kwenye gari, ya kujifunika mkishuka kijijini. Kushikana mikono sio shida, kukumbatiana barabarani acheni mpaka mrudi hotelini.

Gari na uchovu. Kama mmoja wenu tu ndo anaendesha, fikirieni kusini, kwa sababu mkishafika Diani gari linalala, tuktuk na bodaboda zipo usiku na mchana na nyote wawili mnapumzika. Kaskazini dereva anafanya kazi kila siku, anaingia anatoka, barabara za pembeni zingine za vumbi, na kipande cha Mombasa mpaka Mtwapa kinachosha hata kabla safari haijaanza. Matuta mengi hayana alama, na giza likiingia baiskeli na mbuzi huwaoni, kwa hivyo saa kumi na mbili jioni muwe mmefika mnapolala. Kiingilio cha mbuga za bahari na za nchi kavu za KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, mnalipa kwa eCitizen, ile tovuti ya serikali, fanyeni hotelini mkiwa na netiweki, sio getini.

Kwa hivyo, mkiwa na usiku mbili na mmechoka na kazi, watoto mmewaacha kwa bibi, mnataka tu kuonana na kulala, kusini, Diani, ongezeni Kaya Kinondo asubuhi moja, basi. Mkiwa na usiku tatu au nne kati ya Desemba na Machi na mnapenda bahari, kusini tena lakini msiishie Diani, laleni Shimoni usiku mmoja ili boti iwakute pale pale asubuhi. Mkienda msimu wa mvua au wa kusi, kaskazini bila kufikiria mara mbili.

Na kama mmoja anataka kulala ufuoni na kitabu na mwingine hawezi kukaa mahali pamoja, ambavyo ndo wapenzi wengi walivyo, mi nawapeleka kaskazini na nawaambia mkite Watamu, msihamehame hoteli. Kutoka pale Gede, Mida, Dabaso na Arabuko-Sokoke zote ni karibu, Malindi yenyewe ni kama nusu saa, kwa hivyo yule wa kuzunguka anatoka asubuhi kwa tuktuk anarudi saa sita na yule wa kitabu hajakosa chochote, alafu jioni mnaenda pamoja. Kilifi na Jumba la Mtwana mviache vya njiani, kimoja wakati wa kwenda na kingine wakati wa kurudi, ili siku zote mbili za barabara ziwe na kitu. Kilifi ndo iwe ya kurudi, mtoke Watamu saa mbili asubuhi mfike Mnarani kabla jua halijawa kali.